Duka langu la dagaa mtandaoni: nilivyohama mara mbili

Nauza dagaa. Nawatoa soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nawachambua nyumbani Pasiansi, nawafunga kilo moja moja na kuwatuma Dar, Dodoma na Morogoro kwa watu waliochoka kutafuna mchanga. Wangu ni wa chanja, hawajaanikwa chini. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya nitake duka la mtandaoni: nilichoka kumweleza kila mteja kwa simu tofauti ya wa chanja na wa mchangani.

Aliyeniponza ni binamu yangu wa chuo. "Dada, wafanyabiashara wakubwa wako Shopify. WhatsApp ni ya kujuliana hali." Akanisimulia jinsi kampuni hiyo ya Kanada, inayokukodishia duka la mtandaoni kwa mwezi, ilivyoanza na duka la mbao za kutelezea kwenye theluji: wenye duka walikosa programu ya kuwaridhisha, wakatengeneza ya kwao, na 2006 wakawafungulia na wengine. Nikajiona ndugu yao. Wao mbao, mimi dagaa.

Siku nne sikulala vizuri. Nilibeba sinia la mama mpaka karibu na Jiwe la Bismarck nikapige picha, dagaa mbele, ziwa nyuma, na wale korongo wenye mifuko shingoni wakininyemelea kama wadeni. Nikachagua rangi. Nikaandika ukurasa wa "Kuhusu Sisi", ilhali niko peke yangu. Sehemu ya malipo niliiacha mwisho, nikidhani ni jambo dogo.

Nilipofika huko nikakuta huduma yao wenyewe ya malipo haifanyi kazi Tanzania. Unatafuta kampuni nyingine ya kukupokelea, na kwa kifurushi cha chini wanakata asilimia 2 ya mauzo, mbali na makato ya hiyo kampuni. Kifurushi chenyewe kilikuwa dola 39 kwa mwezi. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya LUKU: faida yangu kwa kilo ni kama buku mbili, dola 39 ni laki moja hivi, kwa hiyo kilo hamsini za kwanza za kila mwezi nawauzia Wakanada. Nikampigia mteja wangu wa Mbagala kumuuliza kama ana kadi ya kulipia mtandaoni.

"Ya kliniki?" akasema.

Nikafunga duka kabla siku za majaribio hazijaisha. Baadaye nilijua kwamba hata huko unaweza kupokea malipo kwa njia yako mwenyewe, ila zile dola 39 zingebaki palepale.

Nikahamia WhatsApp Business. Katalogi yake ni bure na miezi kama mitano ilinilisha. Kero yake ni kwamba bei iko chini ya picha, mtu anaitazama, kisha anakuandikia "bei?" Na oda zinazama katikati ya salamu, picha za Ijumaa njema na sauti za dakika nne. Siku nilipompelekea mtu wa Nzega mzigo wa mtu wa Kahama ndipo nilipojua nahitaji kitu kinachoandika oda. Mwenye bidhaa tatu na wateja thelathini abaki hukohuko, asisumbuliwe na mtu. (Shangazi alinishauri nipeleke Jumia, lile soko la mtandaoni. Nikamkumbusha kwamba Jumia walifunga Tanzania Novemba 2019.)

Sasa niko WooCommerce, programu ya duka inayopachikwa juu ya WordPress, ile ya kutengenezea tovuti. Programu ni bure, unalipia jina la .co.tz na mahali pa kuhifadhia tovuti. Kwangu vyote havikufika laki mbili na nusu kwa mwaka. Kuiweka ni kubofya tu.

Kwenye malipo ndipo fundi mmoja alipotaka laki nne aniunganishie pesa za simu. Nikamwambia nitakupigia. Usiku nikakaa na mipangilio mpaka nikaona kuna njia ya kuhamishia pesa benki, imo tangu mwanzo, na jina lake linabadilishika! Nikafuta habari za benki, nikaandika "Lipa kwa simu". Chini yake Lipa Namba yangu, jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, na ombi kwamba akishalipa anitumie namba ya oda. Oda inakaa inasubiri, haisogei mpaka mimi mwenyewe nione pesa imeingia. Picha ya muamala siipokei kama ushahidi, naangalia salio. Zile laki nne nikaongezea mzigo. Fundi bado anasubiri simu.

Jamani, ondoeni zile sifuri mbili za senti kwenye bei. Duka lilikuwa linaandika 13,000.00, na mzee mmoja wa Iringa akanipigia kwa ukali kwamba dagaa gani wa milioni. Ile fomu ya anwani nayo inataka msimbo wa posta, watu wanajaza "nyuma ya msikiti". Mimi sasa nauliza kitu kimoja tu: mzigo ushukie stendi gani?

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika na bei Mwaloni inapanda. Hilo nalijua tangu utoto. Duka halilijui. Nilikuwa nimeacha wazi kile kipengele cha kupokea oda hata mzigo ukiisha, na katika juma la mbalamwezi zikaingia oda za kilo thelathini kwa bei ya giza. Niliwanunua kwa bei ya kulilia, nikawatuma, nikatabasamu. Siku hizi idadi naijaza kwa kutazama juu kwanza.

Kilichobaki ni harufu. Makondakta wa mabasi ya Dar pale Nyegezi walikuwa wakishika furushi langu wanakunja pua na kuongeza nauli. Nikaanza kukusanya ndoo tupu za rangi kwa mafundi wa Buzuruga. Naziosha, nafunga dagaa kwa nailoni mbili ndani, naziba mfuniko kwa gundi ya karatasi. Wiki iliyopita konda aliinua ndoo, akaitikisa, akanusa pembeni.

"Mama, hii rangi gani nyepesi hivi?"

"Ya fedha," nikamwambia.

Akaipandisha kwa elfu tano.