Salsa ya kabatini, na kile kinu cha mama

Jamani salsa. Miaka yote nimekaa hapa Houston, Texas, nilikuwa naichukulia ni kachumbari iliyopitishwa kwenye blenda, naenda mgahawa wa Kimeksiko nachovya zile chipsi za mahindi huku moyoni nasema si nyanya na pilipili hii, kwetu Tanga tunawekewa bure pembeni ya pilau.

Basi ikaja ile baridi ya Februari 2021, aliyekuwa Texas wiki ile anaijua. Umeme kwetu ulikata usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, nje barafu tupu, gari huwezi kutoa, na hata ungetoa madukani kwenyewe rafu zilishafagiliwa tangu wikendi. Bahati jiko letu la gesi, ukiwasha kwa kiberiti linawaka. Nikafungua kabati na tochi ya simu: mchele, maharage meusi ya kopo, makopo mawili ya nyanya, kitunguu kimeshaanza kuota, kitunguu saumu, ndimu mbili zimesinyaa kama masikio ya babu, na paketi ya pilipili kavu nyembamba zinaitwa chile de árbol, nilinunua zamani kwa sababu zilikuwa bei chee tu.

Jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa Puebla kule Meksiko, jiko lake la umeme, kwa hiyo siku zile alikuwa anapika kwetu. Kiswahili hajui, Kihispania changu cha kuombea maji, tunaelewana kwa mikono. Akaziona pilipili macho yakamng'aa.

Sasa hapa ndo nilipojua kachumbari haihusiki. Kwenye salsa hii kila kitu kinaguswa na moto kwanza. Pilipili sita unazitoa vikonyo, unaziweka kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo, sekunde chache unageuza, zikinukia tu unatoa. Mi nikasema ngoja ziive vizuri. Zikaungua! Moshi wake we acha, nyumba nzima kohoo kohoo, mume wangu machozi, tukafungua madirisha yote na nje ni chini ya sifuri. Mama wa watu akazimwaga bila kusema neno (pilipili ikiungua inakuwa chungu, hakuna cha kuokoa hapo) akaanza upya mwenyewe. Za kwake akaziloweka maji ya moto kama robo saa. Kitunguu nusu na punje tatu za saumu na maganda yake vikapita kikaangoni humo humo mpaka vikababuka, halafu saumu ndo ikamenywa.

Nyanya chukua kopo la nyanya nzima zilizomenywa, lile kubwa la aunsi 28, acha zile zilizokatwakatwa maana mara nyingi huwekewa kalsiamu kloraidi ili vipande visilegee, utaponda mpaka uchoke bado vigumu. Na usione aibu ya kopo. Nyanya za kopo huchumwa zikiwa zimeiva, hizi mbichi za dukani wakati wa baridi ni rangi tu, ukikata ndani nyeupe. Chuja ule mchuzi usiumwage, sisi ulienda kwenye maharage.

Blenda haina umeme, ndo nikakumbuka kinu. Mama yangu alinipa kinu kidogo cha mbao siku naondoka Tanga, nilikuwa naona ni mzigo tu kwenye begi. Yule jirani akakichukua akakigeuza geuza akacheka, kwao wana chao cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, molcajete. Akatwanga saumu na chumvi kwanza, halafu pilipili mpaka zikalainika kabisa, halafu nyanya moja moja kwa kuponda tu, na kitunguu kakikata vipande vidogo mwishoni. Ndimu moja. Basi. Ikatoka nzito, nyekundu iliyoiva, ina mikwaruzo mikwaruzo, na ule moshi mzuri kwa mbali. Tukaila juu ya wali na maharage kwenye mshumaa na mimi kimya, sikuwa na la kusema kuhusu kachumbari.

Umeme uliporudi nilijaribu kwa blenda, ikajaa hewa ikawa ya pinki kama uji wa watoto. Ukiwa nayo blenda bonyeza kidogo kidogo tu, mara tatu nne inatosha. Inakaa friji siku nne tano hivi, ila usijifanye fundi ukaifunga kwenye chupa uiweke kabatini miezi, mambo ya sumu ya botulizimu hayataniwi.

Ah na kinu cha mbao kinanywa pilipili. Asubuhi yake nilitwangia humo iliki ya chai, nilikiosha vizuri kabisa naapa, tukanywa chai inawasha mpaka masikioni.