Kutafuta kitabu cha Kichina katika maktaba ya Cambridge

Thomas Wade, mwanadiplomasia wa Uingereza, aliipa maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge vitabu vyake vya Kichina mwaka 1886. Tahajia ya Kilatini ya Kichina inayobeba jina lake na la msomi wa Kichina Herbert Giles ndiyo mtego wa kwanza: kadi na orodha za zamani zinaandika Mao Tse-tung, za sasa Mao Zedong. Jaribu zote mbili.

Mtego wa pili ni nafasi kati ya silabi. Katalogi nyingi huandika "tu shu guan", yaani maktaba. Ukiandika "tushuguan" unaweza kuambulia patupu, na kitabu kipo rafuni. Bora uandike kwa herufi zenyewe, ila nazo zina sura tatu: 圖書館 ya jadi, 图书馆 iliyorahisishwa na 図書館 ya Kijapani. Si kila mfumo unazioanisha.

Ukiagiza chapa ya kale, tofautisha "juan" na "ce". Juan ni sehemu ya maandishi. Ce ni kijitabu kilichoshonwa kwa uzi, na kimoja hubeba juan kadhaa. Anayetaka juan ya 5 akaagiza ce ya 5 ataletewa kingine kabisa. Vijitabu hivyo hukaa pamoja ndani ya jalada la kitambaa lenye vifungo vya mfupa, au plastiki siku hizi.

Kila ukurasa umekunjwa, mkunjo ukiwa ukingo wa nje. Usiukate! Haujasahaulika kukatwa, ndani hakuna maandishi.