Siku moja maishani mwangu: fundi wa finishing, Ngong Road, Nairobi

Saa 12 na nusu asubuhi. Nashuka matatu, Ngong Road bado haijajaa, na wale wa sofa wameshaanza kupanga mali yao kando ya barabara. Mimi kazi yangu ni finishing. Kuna wa kukata, kuna wa kuunga, mimi napokea kitu kimeshasimama na natakiwa nikitoe kikiwa laini, kwa hivyo siku nzima niko na mashine za msasa mkononi. Watu wakisikia hivyo wananiuliza ni gani iko na nguvu. Nawaambia waachane na wati kwanza, waniambie hiyo mashine inatembea aje: inavuta mbele tu, inatetemeka, ama inazunguka huku ikitetemeka? Hapo ndio kuna tofauti yote.

Saa 1 na robo. Leo ni meza ya mahogani ya watu sita. Kijana wangu anafungua klampu, gundi imetoka kwa viungo ikakauka kama shanga. Hiyo naikwangua na patasi kwanza, maana ukiipitia na mashine inapata moto, inalainika, inaziba msasa na msasa wenyewe unaenda kutupwa. Nikiweka rula ya chuma kukatiza naona mbao mbili zimepishana karibu milimita moja. Milimita moja ni nyingi. Hapo natoa ile ya mkanda.

Hii ya mkanda ndiyo watu wanaipenda kwa duka na kuiogopa kwa kibanda. Yangu inachukua mkanda wa msasa wa 75 kwa 533 milimita, na ndani ya mkanda kuna mshale, ukiuvalisha kinyume kiungo chake kinaweza kuachia kazi ikiendelea. Nawasha ikiwa hewani, naangalia mkanda umekaa katikati ama unakimbilia upande mmoja, nakaza ile nati ya pembeni kidogo kidogo mpaka utulie, ndio naishusha huku tayari inasonga. Haisimami mahali hata sekunde, inafuata greini, ile mistari ya mbao, na naiinua kabla sijazima. Ukisimama inachimba, na shimo la mkanda halitoki ila ushushe uso wote wa meza ufike chini yake. Cable naiweka begani isije ikaliwa. Msasa namba 80 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali, ikipanda unalainisha), dakika chache tu, viungo vimelingana, imetosha. Na kama ni plaiwudi iliyovalishwa veneer hii mashine hata usiitoe kwa boksi, ile ngozi ya juu mara nyingi haifiki milimita moja na inaisha ukipepesa macho.

Saa 3. Chai na mandazi. Kijana mmoja anayefungua kibanda chake Rongai amekuja na picha kwa simu.

"Fundi, hii nimeambiwa ni ya Marekani, mtumba, imara sana. Nichukue?"

"Hebu kuza hapo kwa kibandiko. Volti ngapi?"

"120."

"Na hapa tuko na 240. Ukiichomeka hivyo utanusa moshi kabla hujanusa mbao."

Anacheka lakini amesikia. Anataka kujua kama iko pesa ya mashine moja tu anunue gani, na jibu langu halijabadilika, ile ya duara ya milimita 125, wauzaji wanaiita obito. Inazunguka na kutetemeka kwa wakati mmoja, kwa hivyo mikwaruzo yake haifuatani na haionekani kirahisi, hata ukikatiza greini pale mbao zinapokutana. Namwambia aangalie iwe na ile gurudumu ya kupunguza spidi, na ashike kile kisahani cha chini akitikise, kikicheza kushoto kulia amrudishie mwenyewe. Aulize kama kisahani na kaboni za mota zinapatikana hapa mjini, kwa sababu hizo ndizo zinakufa, mashine yenyewe inaweza kukaa miaka. Na matundu ya msasa yalingane na ya kisahani, mengi ya 125 ni manane, yasipolingana vumbi linabaki chini na unasaga vumbi lako mwenyewe.

Akikosa pesa ya hiyo, iko ile ya mraba ya robo karatasi. Unakata msasa wa kawaida mara nne, unabana na klipu, hakuna cha kutafuta diski maalum. Ni pole pole, lakini inafika pembeni ya droo vizuri na karatasi yake iko kila hardware. Grainda ya kukata chuma, hapana. Naona watu wanaitumia kwa meza na ukiangalia ile meza upande wa dirisha unaona mawimbi.

Saa 4 mpaka saa 7. Obito sasa. Kabla sijawasha nachora uso wote na penseli, mistari ya ovyo tu, ikiisha yote najua hakuna mahali nimeruka. Namba 80 kuondoa alama za mkanda, halafu 120, halafu 180. Huwezi kutoka 80 ukaruka 180 ukadhani umeokoa wakati, ile mikwaruzo ya 80 itakungoja chini ya vanishi. Mkono unaelea tu, uzito wa mashine unatosha, ukikandamiza kisahani kinaacha kuzunguka kinabaki kutetemeka, kinapata moto, velcro inayeyuka, na kwa mbao zinabaki vile vialama vidogo vimejikunja. Kijana wangu huwa anaikimbiza. Nimemwambia pole pole, karibu sentimita mbili unusu kwa sekunde, na akibadilisha namba apanguse meza yote, punje moja ya 80 iliyobaki inaharibu kazi ya 180.

Saa 7 na nusu. Chapo madondo, na stima inapotea. Sawa. Miguu ya meza imechongwa mviringo, na hapo hata stima ikiwepo natumia mkono, msasa umekunjwa mara tatu, kwa sababu kisahani bapa kwenye kitu cha mviringo kinatoa pembe ambazo hazikuwepo. Kuna watu hunishauri ninunue ya betri. Kwa kazi ya nyumbani sawa, lakini msasa si kama drili unayobonyeza na kuachilia, inakimbia mfululizo na betri inaisha haraka, utahitaji mbili na chaja, na chaja nayo inataka stima.

Saa 9 na kitu. Stima imerudi. Kwa kona za ndani chini ya meza natoa ile ndogo ya pembe tatu, haina kazi nyingine kwangu. Halafu nalaza tochi ya simu juu ya mbao, mwanga uende ubavu, na hapo kila kitu kinajitokeza. Napitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, nywele za mbao zinasimama, naacha ikauke kabisa, namaliza na 240 mkono mwepesi. Sipandi zaidi ya hapo kama kuna rangi inaingia, mbao ikilainishwa kupita kiasi rangi haishiki sawa.

Saa 10 na nusu. Jirani anataka kupuliza lakari na mimi bado niko na mashine. Hapana. Vumbi langu litakaa kwa kazi yake, na tena mota za kaboni zinatoa cheche huku yeye anajaza hewa mvuke wa thina. Tunaelewana, nazima mimi. Namwaga kifuko cha vumbi, huwa singoji kijae kwa sababu kikifika nusu mvuto umeshapungua. Barakoa yangu ni ile ya N95, kitambaa hakizuii unga mdogo, na tangu 1995 lile shirika la saratani la WHO, IARC, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kijana wangu huishusha kidevuni akidhani sioni. Siku ya MDF nasimama hapo mpaka aivae, maana ile ni unga mtupu na gundi yake iko na formaldihaidi.

Saa 11. Mteja anapiga simu, meza imeisha? Msasa umeisha, mama, sila, ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi, napiga kesho asubuhi mapema kabla hatujawasha mashine yoyote. Anasema kuna wageni Jumamosi. Leo ni Jumatano, tutakuwa sawa, lakini lori la kubeba atafute yeye.