Kituo kisichosimamisha treni tena

Juma lililopita nilimsindikiza baba mkubwa hadi kwenye kituo kidogo kilichoachwa, kusini mwa Lubumbashi, juu ya njia iendayo Sakania, mpakani na Zambia; hapo kituoni ndipo yeye alipozaliwa, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Paa la mabati limekwisha kung'olewa, na ndani ya chumba kilichouziwa tiketi mama mmoja amepanga magunia ya makala, yaani makaa. Dirisha la tiketi lingalipo, na kizingiti chake cha saruji kimelika katikati kwa viwiko vya wasafiri.

Reli hii ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikafika Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa, mwaka 1910. Ilikuwa njia moja tu, kwa hiyo treni mbili zilizoelekeana zililazimika kupishana vituoni, na injini za mvuke zilihitaji kujazwa maji mara kwa mara. Vituo vingi vya porini vilizaliwa kwa haja hizo mbili, si kwa ajili ya abiria, ingawa sisi hupenda kuamini vinginevyo. Injini za dizeli zilipochukua nafasi, matangi ya maji yalikosa kazi.

Baba mkubwa hakuzungumza sana. Alihesabu hatua kutoka jengoni hadi kwenye msingi wa tangi, akafika arobaini na moja, kisha akasema kwamba utotoni zilikuwa nyingi zaidi.