Giaboksi ya gia tano iliyokataa kuingia kwenye Hiace ya kulala safarini

Giaboksi niliyoinunua kuchukua nafasi ya ile iliyochakaa katika Hiace yetu ya zamani, tuliyoifanya nyumba ya safari, iliingia vizuri kisha ikagoma, ikiacha mwanya wa upana wa kidole kati yake na injini. Kubadilisha pembe ya jeki hakukusaidia, wala kuisukuma na kuitikisa. Kuivuta kwa bolti sikuthubutu, kwa sababu masikio ya ganda la aluminiamu hupasuka kwa urahisi.

Chanzo kilikuwa sahani ya klachi. Kifaa cha plastiki cha kuipanga katikati kilikuwa chembamba kidogo kuliko tundu la beringi ndogo iliyo nyuma ya injini, hivyo sahani ilikaa upande kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Nililegeza bolti za klachi, nikatumia shafti ya mbele (ile inayopita katikati ya sahani hadi kwenye beringi hiyo) iliyotolewa kwenye giaboksi ya zamani, ambayo meno na ncha yake vinalingana kabisa na ile mpya, kisha nikakaza bolti kidogo kidogo kwa mshazari kabla ya kuichomoa. Ikiteleza kutoka bila kukwama, sahani iko sawa.

Halafu nilitia gia ya nne, nikachomeka propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) kwenye mkia wa giaboksi na kuizungusha taratibu huku msaidizi akisukuma. Meno ya shafti ya mbele yalipokutana na ya sahani, mwanya ulifungika kwa nguvu ya mikono tu. Jaza oili kabla ya kuwasha injini, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.