Lengo moja kwa wiki linatosha

Wanachuo wengi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, iwe Mbagala au Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam, huandika lengo kama "kuwa mwalimu bora". Hilo utalipima kwa rula gani? Andika hivi: "Ndani ya kipindi cha dakika 40 nitauliza maswali 8, na 4 yajibiwe na wanaokaa nyuma." Mwombe mwalimu wa somo akae na karatasi yenye mchoro wa madawati, aweke alama kwa kila anayejibu. Mara nyingi alama hujazana mbele, tena upande ule unaopenda kusimama ukiandika ubaoni.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Utangulizi uliopangiwa dakika 5 unakula 15, zoezi linaanza kengele ikigonga, na sehemu ya tathmini kwenye andalio la somo inajazwa jioni ndani ya daladala: "Somo limeeleweka." Limeeleweka na nani? Hesabu madaftari. Kati ya 60, mangapi yamepata swali la tatu? Yakiwa 22, umeshapata lengo la kuweka wiki ijayo.

Maoni ya mkufunzi yaandike siku hiyohiyo, kwa maneno yake, hata yakikuuma.