Kompyuta ya pili haipati intaneti? Soma IP kwanza

Nyumba nyingi hapa Uganda zina modemu moja ya USB, yenye laini ya MTN au Airtel, na kompyuta mbili zinazoigombania. Tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kununua bando mbili kwa mashine zilizo chumba kimoja ni kutupa hela. Modemu inachomekwa kwenye kompyuta A, waya wa mtandao unatoka A kwenda B, na Windows ya A inaigawia B intaneti.

B ikikosa intaneti, watu hukimbilia kununua waya mpya. Subiri. Kwenye B fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha soma mstari wa IPv4, yaani anwani ya IP, namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao.

Ukiona "Media disconnected", hapo ndipo waya unahusika. Tazama taa za soketi pande zote mbili. Kadi za gigabiti hukubali waya wowote, ila zile kuukuu za megabiti 100 huenda zikataka waya uliopishanishwa, yaani 1 na 2 za upande mmoja ziende 3 na 6 za upande wa pili.

Namba ikianza na 169.254, waya uko sawa ila A haikuipa B anwani. Na ikiwa ni kitu kama 192.168.1.20, kuna mtu aliiandika kwa mkono zamani. Rudisha "Obtain automatically" kwa IP na DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP). Namba unayoitaka ni 192.168.137 na kitu.

Kwa ile 169.254, nenda A, bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, orodha ya miunganisho ya mtandao itafunguka. Bofya kulia muunganisho wa modemu, Properties, kichupo cha Sharing, weka tiki ya kwanza. Narudia: wa modemu, si wa Ethernet. Wengi hukosea hapa, kwa sababu akili inawaambia washiriki ule waya unaokwenda B. Ukimaliza, Ethernet ya A yenyewe itakuwa 192.168.137.1.

Sasa lile linalosumbua zaidi kwetu. Umeme unakatika, unarudi, A inawaka, tiki bado ipo, lakini B haina kitu. Huduma ya kugawa intaneti kwa kawaida haijiwashi yenyewe, na ikikaa dakika 4 bila data kupita hujizima. Dawa ya haraka ni kutoa tiki, OK, kisha kuirudisha. Dawa ya kudumu, kuanzia Windows 10 toleo la 1709: fungua services.msc, tafuta Internet Connection Sharing, iweke Automatic. Halafu kwenye regedit (sajili ya mipangilio ya Windows), ndani ya HKLM, yaani HKEY_LOCAL_MACHINE, fuata njia hii: HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess, tengeneza DWORD (aina ya thamani ya namba) iitwayo EnableRebootPersistConnection, thamani 1. Zima A, iwashe tena. Bila hiyo DWORD, Automatic peke yake haitoshi.

IP ni sahihi na kurasa bado hazifunguki? Kwenye Command Prompt ya B andika ping 8.8.8.8, jaribio la kuona kama kompyuta ya mbali inajibu. Ikijibu huku majina ya tovuti yakikataa, tatizo ni DNS, andika 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya B, IP iache ijitafutie. Usihukumu kwa ping ya 192.168.137.1, maana ukuta wa ulinzi wa A unaweza kuizuia na intaneti ikapita vizuri tu.

Tovuti chache zikifunguka na nyingine zikigandia, shuku ukubwa wa pakiti, yaani vipande ambavyo data husafirishwa navyo. Fungua Command Prompt ya B kama msimamizi, andika:

netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1400 store=persistent

Jina kati ya alama lifanane na lile lililo kwenye ncpa.cpl.

B ikishapata intaneti, ingia Settings, Network, Ethernet, washa "Metered connection" (muunganisho wa data yenye kipimo) hapohapo kwenye B. Kuiwasha kwenye A tu hakusaidii, kwa kuwa B inaona waya wa kawaida na itavuta masasisho ya Windows hadi bando liishe.